Kutoka Shingoni hadi Kwenye Kifundo cha Mkono: Historia ya Kupima Mwili Kasese na Funzo Lake kwa Saa Janja

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kupima mwili wa binadamu katika eneo la Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, tangu janga la malale mwanzoni mwa karne ya 20 hadi ujio wa saa janja na vifaa vingine vya afya vinavyovaliwa mwilini. Vipindi vinne vinajadiliwa kwa kufuata sehemu ya mwili iliyopimwa: shingo, mkono, paji la uso na kifundo cha mkono. Katika kila kipindi maswali matatu yanaulizwa: nani alipima, nani alibaki na kipimo, na mtu aliyepimwa alipata jibu gani. Makala yanadai kwamba thamani ya kipimo hutegemea zaidi jibu linalokifuata kuliko ubora wa chombo, na kwamba watu hukikimbia kipimo kinachowaletea kifungo huku wakikiendea kile kinachowafikisha kwenye tiba. Kwa msingi huo, makala yanapendekeza masharti ambayo saa janja haina budi kuyatimiza ili ifae katika kijiji kama Kahendero.

1.0 Utangulizi

Kahendero ni kijiji cha wavuvi kilichopo kando ya Ziwa George, wilayani Kasese. Ni kimojawapo cha vijiji vya uvuvi vilivyobaki ndani ya eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, pamoja na Hamukungu, Kasenyi, Katunguru na Katwe. Upande wa kaskazini-magharibi imesimama milima ya Rwenzori. Upande wa kusini-magharibi barabara inaelekea Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako Uganda inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mjadala kuhusu saa janja kwa kawaida huanzia mbali na mahali kama hapa. Husimuliwa kama habari ya viwanda vya Marekani, Ulaya na Asia, kana kwamba Afrika Mashariki imekuwa ikingoja tu kufikiwa. Mtazamo huo unasahau kwamba wakazi wa kingo za Ziwa George na Ziwa Edward wana historia ndefu ya kupimwa. Miili yao imepapaswa, imezungushiwa utepe na kuelekezewa vipimajoto kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayetaka kujua iwapo saa ya mkononi itawafaa ana mengi ya kujifunza kutokana na vipimo vilivyoitangulia.

2.0 Shingo: Malale na Kipimo cha Dola

Mwaka 1901 madaktari wamisionari Albert Cook na ndugu yake Jack Cook, wa Hospitali ya Mengo, waliwatambua wagonjwa wa malale nchini Uganda. Katika miaka miwili iliyofuata, uchunguzi wa Aldo Castellani na David Bruce ulionyesha kwamba ugonjwa huo unatokana na vimelea aina ya tripanosoma na kwamba unaenezwa na mbung'o. Hadi janga hilo lilipopungua, watu zaidi ya 200,000 walikuwa wamekufa, wengi wao katika maeneo ya Ziwa Viktoria.

Dalili mojawapo ya mapema ilikuwa kuvimba kwa tezi za shingo. Kupapasa shingo kukawa kipimo cha haraka: mganga alipitisha vidole nyuma ya shingo ya mtu na kuamua kama anastahili kuchunguzwa zaidi. Kipimo hicho hakikuhitaji umeme wala maabara, na kiliweza kufanywa kwa watu wengi waliopangwa mstari. Tatizo lilikuwa katika yaliyofuata. Kabla ya kupatikana kwa dawa ya kuaminika, mtu aliyeshukiwa alitengwa kambini. Katika Kongo ya Kibelgiji, ng'ambo tu ya mpaka, wasafiri walitakiwa kuwa na pasi ya tiba iliyothibitisha kwamba wamekaguliwa. Nchini Uganda, Kamishna Hesketh Bell alianzisha mwaka 1906 sera ya kuwaondoa watu kwenye kingo za Ziwa Viktoria zenye mbung'o, na baadaye sera hiyo ikafika pia kwenye maziwa ya George na Edward.

Matokeo yake yanaonekana hadi leo katika ramani ya Kasese. Ardhi iliyoachwa na watu ilijaa wanyamapori, ikatengwa kuwa mapori ya akiba, na mwaka 1952 ikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kazinga. Miaka miwili baadaye ikapewa jina la Malkia Elizabeth. Vijiji vya uvuvi vikabaki kama visiwa vya makazi ndani ya ardhi ya wanyama.

Kwa maswali matatu ya makala haya, jibu la kipindi hiki ni bayana. Dola ndiyo iliyopima. Dola ndiyo iliyobaki na kipimo, katika madaftari yake na katika pasi zake. Jibu alilolipata aliyepimwa lilikuwa kuhamishwa au kutengwa. Haishangazi kwamba katika mazingira ya namna hiyo watu waliwaficha wagonjwa wao. Kipimo kilikuwa na msingi wa kisayansi, lakini kwa mtu aliyepimwa kilikuwa hasara tupu.

3.0 Mkono: Ushanga, Utepe na Kipimo cha Mama

Sambamba na historia hiyo ya serikali kuna historia nyingine ya nyumbani. Katika sehemu nyingi za Afrika, Afrika Mashariki ikiwamo, watoto wachanga hufungwa uzi au ushanga kiunoni au mkononi. Desturi hiyo ina maana nyingi, zikiwamo za urembo na kinga, lakini pia ina kazi ya upimaji. Mama huona uzi unavyobana mtoto anaponenepa, na unavyolegea anapokonda. Hiki ni kifaa kinachovaliwa mwilini usiku na mchana, kinachopima mfululizo, na kinachosomwa na mtu aliye karibu zaidi na mtoto. Kwa ufafanuzi huo, babu wa saa janja amekuwapo katika nyumba za Afrika kwa muda mrefu.

Sayansi ya karne ya 20 iliifikia fikra hiyohiyo kwa njia yake yenyewe, na sehemu muhimu ya safari hiyo ilipita Uganda. Kati ya mwaka 1959 na 1966, Derrick Jelliffe alikuwa profesa wa tiba ya watoto katika Chuo Kikuu cha Makerere. Utapiamlo wa watoto ulikuwa miongoni mwa matatizo makubwa yaliyoshughulikiwa katika Hospitali ya Mulago, ambako kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilifunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1966 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha Jelliffe kuhusu namna ya kutathmini hali ya lishe katika jamii. Miongoni mwa vipimo alivyovieleza ni mzunguko wa sehemu ya juu ya mkono. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: kati ya umri wa mwaka mmoja na miaka mitano, mzunguko wa mkono wa mtoto mwenye afya hubadilika kidogo tu, hivyo kiwango kimoja chaweza kutumika bila kujua umri kamili. Katika kijiji ambamo tarehe za kuzaliwa hazikuandikwa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Katika miaka ya 1970 utepe huo ulipewa rangi tatu. Siku hizi mtoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 ambaye mkono wake una mzunguko chini ya sentimita 11.5 huangukia katika rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kati ya sentimita 11.5 na 12.5 ni rangi ya njano. Zaidi ya hapo ni kijani. Asiyejua kusoma aweza kuisoma rangi. Tafiti zilizofanyika Niger katika muongo wa 2010 zilionyesha kwamba akina mama waliofunzwa kwa muda mfupi waliweza kuwapima watoto wao kwa usahihi unaokaribia ule wa wahudumu wa afya wa jamii, na kwamba watoto waliopimwa na mama zao waligundulika mapema zaidi.

Tofauti kati ya utepe huu na vidole vya mganga wa malale haimo katika ugumu wa chombo, kwa kuwa vyote viwili ni rahisi. Imo katika umiliki na jibu. Utepe hukaa nyumbani. Mama ndiye anayesoma, na rangi nyekundu ina maana moja inayojulikana: mpeleke mtoto kituoni, huko apate chakula-tiba. Mahali ambapo chakula-tiba kimekwisha, utepe hupoteza maana yake siku hiyohiyo.

4.0 Paji la Uso: Mpondwe, 2018 hadi 2019

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika jimbo la Kivu Kaskazini. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Mpaka wa Mpondwe ukawa mstari wa mbele wa Uganda. Maelfu ya watu huvuka hapo, hasa siku za soko. Wakonzo wa upande wa Uganda na Wanande wa upande wa Kongo wana lugha zinazoelewana, ndoa za pande mbili na makaburi ya pande mbili. Kila aliyepita katika lango rasmi aliosha mikono na kupimwa joto kwa kipimajoto kisichogusa mwili, kilichoelekezwa kwenye paji la uso.

Matukio mawili ya mwaka 2019 yanafaa kuwekwa pamoja. La kwanza ni la Juni. Familia moja ilikuwa imekwenda Kongo kumuuguza babu mgonjwa, ambaye alifariki kwa Ebola. Wakiwa njiani kurudi, baadhi yao walionyesha dalili na wakawekwa chini ya uangalizi upande wa Kongo. Kwa mujibu wa maelezo ya mamlaka wakati ule, watu sita wa familia hiyo waliondoka na kuingia Uganda kwa njia ya panya. Mtoto wa miaka mitano alipelekwa Hospitali ya Kagando, ambako wahudumu walishuku Ebola, kisha akahamishiwa Bwera. Tarehe 11 Juni maabara ilithibitisha ugonjwa, na usiku wa kuamkia tarehe 12 mtoto akafariki. Bibi yake mwenye umri wa miaka 50 na mdogo wake wa miaka mitatu nao walithibitishwa kuwa na Ebola, na wote wawili wakafariki siku chache baadaye.

Tukio la pili ni la mwishoni mwa Agosti. Msichana wa miaka tisa alifika katika lango rasmi la Mpondwe, akitafuta matibabu upande wa Uganda. Wapimaji walimwona ana homa na dalili nyingine, wakamtenga na kumpeleka kituo cha tiba ya Ebola cha Bwera. Ugonjwa ulithibitishwa. Naye pia alifariki, lakini njia ya maambukizi ilikuwa imekatwa pale langoni. Katika matukio yote mawili ugonjwa haukusambaa ndani ya Uganda, jambo lililotokana na maandalizi na ujasiri wa wahudumu wa Kagando na Bwera.

Kipimajoto kilikuwa kilekile Juni na Agosti. Kilichotofautiana ni njia iliyopitwa. Familia ya kwanza ilipita mahali pasipo na kipimo; mtoto wa pili aliletwa kwenye kipimo kwa sababu nyuma ya lango kulikuwa na hospitali iliyotarajiwa kumsaidia. Chombo kisichoweza kumwona aliyekikwepa hakiwezi kulinda mpaka peke yake. Kinachowaleta watu mbele yake ni imani kwamba baada ya kupimwa watahudumiwa. Hili ni funzo lilelile la malale, safari hii likiwa na chombo cha kisasa zaidi.

5.0 Kifundo cha Mkono: Saa na Mwanga Wake

Saa iliingia katika tiba muda mrefu kabla ya kuitwa janja. Mwaka 1707 tabibu Mwingereza John Floyer alichapisha kitabu kuhusu saa aliyotengenezewa ili ahesabu mapigo ya mshipa kwa dakika moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Norman Holter wa Marekani alirekodi mkondo wa umeme wa moyo wa mtu anayetembea, kwa mtambo wa mgongoni wenye uzito wa takriban kilo 38. Mwaka 1974 Takuo Aoyagi wa Japani aliwasilisha kanuni ya kukadiria oksijeni ya damu kwa kupitisha mwanga mwilini. Mwaka 1982 kampuni ya Polar ya Finland ilianza kuuza kipimo cha mapigo ya moyo kisicho na waya kwa wanariadha. Saa janja imekusanya hatua hizo zote chini ya kioo kimoja.

Saa nyingi hutumia mwanga wa kijani. Damu hufyonza mwanga huo, na kila pigo la moyo linapojaza mishipa ya kifundo cha mkono, mwanga unaorudi hupungua kidogo. Saa huhesabu mabadiliko hayo. Kwa kuwa melanini ya ngozi nayo hufyonza mwanga, swali la usahihi kwa watu weusi si la pembeni. Majibu ya utafiti yanatofautiana kulingana na kipimo. Kuhusu mapigo ya moyo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke uliochapishwa mwaka 2020 haukuona tofauti kubwa ya usahihi baina ya rangi za ngozi. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa mwendo wa mwili. Kuhusu oksijeni, utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka huohuo ulihusu vipimo vya hospitalini vya kubana kidoleni. Pale ambapo chombo kilionyesha kiwango cha kuridhisha cha asilimia 92 hadi 96, upungufu hatari wa oksijeni ulikuwa umefichika katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, ikilinganishwa na asilimia 3.6 ya wagonjwa weupe. Mvuvi wa Kahendero anayepiga kasia anakutana na matatizo yote mawili: mkono wake haukai kimya, na ngozi yake haikuwa kipaumbele cha waliokijaribu chombo.

Hatari nyingine inatoka sokoni. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu wasitumie saa au pete zinazodai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, kwa kuwa haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa wa kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa kutegemea tarakimu ya namna hiyo aweza kupoteza maisha. Saa zenye madai kama hayo huuzwa kwa bei nafuu, na asiye na uwezo wa kununua chombo bora ndiye anayeelekea kudanganywa.

Hata chombo kizuri hakijitoshelezi. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa saa ya Apple, na kuchapishwa Novemba 2019, ulihusisha watu 419,297. Watu 2,161, sawa na asilimia 0.52, walipata taarifa kwamba mapigo yao hayana mpangilio wa kawaida. Waliandaliwa daktari wa kuzungumza naye kwa video na kifaa cha kubandika kifuani kilichotumwa kwa posta. Hata hivyo, ni watu 450 tu waliorudisha kifaa hicho kikiwa na taarifa za kuchambuliwa, na asilimia 34 kati yao walibainika kuwa na tatizo la moyo lililoshukiwa. Ikiwa katika nchi yenye madaktari, posta na intaneti ya uhakika watu wengi walipotea kati ya tarakimu na uchunguzi, basi safari hiyo ni ndefu zaidi kwa mtu wa Ziwa George.

Baadhi ya wabunifu wamelielewa jambo hili mapema. Koti la MamaOpe, lililobuniwa na Olivia Koburongo na Brian Turyabagye wakiwa Makerere, lilikusudiwa kumvika mtoto ili kusaidia kutambua nimonia, ugonjwa unaofanana kwa dalili na malaria na hivyo kukosewa mara kwa mara. Kifaa cha Neopenda, kilichofanyiwa majaribio katika hospitali za Uganda, huvalishwa mtoto mchanga ili muuguzi mmoja aweze kufuatilia watoto wengi. Vifaa hivi havikuanza na mnunuzi mmoja mwenye kiu ya kujijua. Vilianza na muuguzi au mhudumu anayengoja kupokea kipimo na kukifanyia kazi.

6.0 Masharti ya Kipimo Kifaacho

Haja ipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikadiria kwamba asilimia 26.4 ya watu wazima nchini Uganda wana shinikizo la juu la damu, na chini ya mmoja kati ya kumi wa hao ndiye aliyejua. Ugonjwa huo hauna dalili za wazi hadi unapopasua mshipa wa ubongo au kuuchosha moyo. Kifaa cha kuvaa kilichothibitishwa, kinachowaambia watu wafike kituoni mapema, kingeokoa maisha. Historia iliyojadiliwa inapendekeza masharti matatu.

La kwanza ni njia ya kufikia jibu. Mwezi Mei 2020 mafuriko ya mto Nyamwamba yaliiharibu Hospitali ya Kilembe, iliyokuwa tegemeo la watu wengi wa Kasese. Hakuna saa inayoweza kufidia hospitali iliyosombwa na maji. Fedha za vifaa vya kuvaa zinapaswa kwenda sambamba na dawa za shinikizo la damu, usafiri na wahudumu wa afya wa vijijini.

La pili ni umiliki. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa zenye ulinzi maalumu. Watu ambao mababu zao walihamishwa kwa sababu ya tezi za shingo wana haki ya kuuliza mapigo ya mioyo yao yanatunzwa wapi, na kama mwajiri au kampuni ya bima itayasoma.

La tatu ni lugha. Utepe wa rangi tatu ulifaulu kwa sababu ulisomeka. Saa inayotoa onyo kwa Kiingereza, kwa mtu anayezungumza Lukonzo nyumbani na Kiswahili sokoni Mpondwe, haijamwonya. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na ni lugha inayovuka mpaka huo kila siku pamoja na bidhaa na wagonjwa. Kazi ya kusanifu istilahi za vifaa hivi inawahusu wanaisimu wa Kiswahili sawa na inavyowahusu wahandisi.

7.0 Hitimisho

Shingo, mkono, paji la uso na kifundo cha mkono ni vituo vinne vya historia moja. Kipimo cha malale kilipata wagonjwa na kupoteza imani ya watu. Utepe wa mkono ulipata vyote viwili pale ambapo chakula-tiba kilikuwapo. Kipimajoto cha Mpondwe kilifaulu kwa mtoto aliyeletwa kutafuta tiba na kushindwa kwa waliopita kando. Saa janja inaingia Kasese ikiukuta urithi huo. Itakapomwamsha mvuvi wa Kahendero na kumwambia kwamba moyo wake una hitilafu, jambo la kwanza atakalouliza litakuwa aende wapi, na ni jibu la swali hilo litakaloamua kama saa hiyo imemsaidia au imempa hofu tu.